Namna ya Kuomba Msaada kwa Mashirika ya Hisani ya Kiyahudi: Mwongozo kwa Vikundi vya Vijiji vya Dodoma

Mwaka nilipochaguliwa kuwa katibu wa kikundi chetu cha maji, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, niliandika barua ya kuomba kisima kwa shirika moja la hisani la Kiyahudi lililoko ng'ambo. Nilieleza jinsi watoto wanavyofukua mchanga wa korongo na kuteka kwa kata ya kibuyu maji yanayojikusanya polepole, jinsi punda wanavyochoka njiani wakiwa na madumu, na jinsi akina mama wanavyoamka saa tisa usiku ili wawahi foleni. Kila neno lilikuwa kweli. Baada ya wiki tano lilikuja jibu la mistari mitatu, lenye adabu, likiuliza jambo moja tu: pampu ikiharibika katika mwaka wa tatu, fundi atalipwa na nani? Hatukuwa na jibu, na kwa aibu hatukuandika tena kwa miaka miwili. Mwongozo huu nimeuandika ili kikundi kingine kisiipoteze miaka hiyo.

Swali lile halikuwa namna ya kutufukuza. Lilitoka katika mafundisho ya kale sana kuhusu utoaji, na mtu asiyeyajua mafundisho hayo ataandika barua nzuri kwa msomaji asiyekuwepo. Kwa hiyo nitaanza hapo, kabla ya fomu na mihuri.

Sadaka na tsedaka

Neno letu sadaka tumelipata kutoka Kiarabu, na Waarabu na Wayahudi wanachangia mzizi mmoja wa neno hilo. Kwa Kiebrania utoaji kwa maskini huitwa tsedaka, na maana ya msingi ya neno hilo ni haki. Hapo ndipo tofauti ilipo na mazoea yetu, kwa kuwa sisi tukisikia sadaka tunafikiri kwanza juu ya huruma ya mtoaji, ilhali Myahudi anayeishika dini yake anafundishwa kwamba anachompa maskini ni deni analolipa, apende asipende, awe amehurumia au la. Wengi wao hutenga sehemu ya kumi ya mapato, na walimu wao wa kale walizuia mtu kutoa zaidi ya sehemu ya tano, ili mtoaji naye asije akageuka mwombaji. Tena hata maskini anayeishi kwa tsedaka anatakiwa kutoa kidogo katika kile alichopewa, maana haki haimwachi mtu yeyote nje.

Mizizi ya jambo hili imo katika Torati, katika sheria za shamba ambazo mkulima wa Ugogo hahitaji mtu wa kumfafanulia. Mambo ya Walawi 19 inaamuru mwenye shamba asivune pembe za shamba lake wala asirudi kuokota masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza kwamba mganda uliosahauliwa shambani usirudiwe, uwe wa mgeni, yatima na mjane. Ruthu aliyeokota masuke katika shamba la Boazi alikuwa mgeni, mwanamke wa Moabu aliyehama na mkwewe. Kwetu, karanga zikishang'olewa, watoto na wajane huingia shambani kuokoteza zilizobaki udongoni, na mwenye shamba anayewafukuza husemwa kijiji kizima. Tofauti ni kwamba kwao desturi hiyo iliandikwa kuwa sheria, na mgeni akatajwa kwa jina lake kila mara.

Kutajwa kwa mgeni kunaeleza kwa nini mashirika mengi ya Kiyahudi yanajishughulisha na wahamiaji na wakimbizi. Ni watu waliohamahama na kufukuzwa kwa karne nyingi, na Torati inawakumbusha mara kwa mara kwamba walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Wazee wetu walioshuhudia njaa ya Mtunya, ile iliyoikumba nchi ya Ugogo kati ya 1918 na 1920, walijua maana ya kwenda kuhemea katika nchi ya watu na kulala ugenini ukiwa na mtoto mgongoni. Na Kondoa, katika mkoa wetu huu huu, iliwahi kuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Jambo la mwisho la mafundisho, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote kwa mwandishi wa barua, ni ngazi nane za utoaji zilizopangwa na Maimonides, mwalimu wa sheria na tabibu aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Chini kabisa aliweka anayetoa kwa kinyongo. Juu yake yupo anayetoa kidogo lakini kwa uso mkunjufu, kisha anayetoa baada ya kuombwa, kisha anayetoa kabla ya kuombwa, halafu zinafuata ngazi za kutoa kwa siri, ambazo bora kati yake ni ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Lakini juu ya hizo zote aliweka yule anayemshika mkono mwenzake kabla hajaanguka, kwa kumpa zawadi, kumkopesha, kushirikiana naye katika kazi au kumtafutia ajira, ili asihitaji kuomba tena.

Sisi wa Dodoma tumetaniwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ombaomba, na utani huo unauma hata pale tunapoucheka. Ndiyo sababu nasisitiza: ukibisha kwenye mlango huu, usibishe kama ombaomba. Barua inayoonyesha siku ambayo msaada utakoma kuhitajika inazungumza na ngazi ya juu kabisa, na barua ya machozi matupu inamshusha mtoaji na mpokeaji pamoja.

Kuujua mlango kabla ya kubisha

Mashirika ya Kiyahudi si mamoja, na kosa la kwanza la vikundi vyetu ni kuandika barua moja na kuituma kote. JDC ya Marekani ilianzishwa mwaka 1914, balozi wa Marekani katika dola ya Uturuki, Henry Morgenthau, alipotuma simu ya maandishi New York akiomba dola 50,000 kwa ajili ya Wayahudi wa Palestina waliokuwa wakikabiliwa na njaa. Mpaka leo kazi yake kubwa ni kwa Wayahudi wenye shida, hasa wazee, ingawa huwasaidia pia watu wa dini zote majanga yanapotokea. Ukiiomba kisima cha kijiji utakuwa umepotea njia, na si kwa sababu ya ubaya wa mtu yeyote. Sheria yao wenyewe husema kwamba maskini wa mji wako hutangulia maskini wa mji mwingine, na pia kwamba maskini asiye Myahudi asaidiwe pamoja na maskini wa Kiyahudi kwa ajili ya amani. Kila shirika limechagua mahali pake kati ya kanuni hizo mbili, nawe unapaswa kujua limesimama wapi.

HIAS ni ya wakimbizi na wahamiaji. Historia yake inahesabiwa kuanzia 1881, Wayahudi walipokuwa wakiikimbia Urusi baada ya mashambulizi yaliyofuata kuuawa kwa mfalme Alexander wa Pili, na tangu hapo imepanua kazi yake hadi kwa wakimbizi wasio Wayahudi, ikiwa ni pamoja na wale walioko Kenya. World Jewish Relief ya Uingereza ilianza mwaka 1933 na ilishiriki kuwaokoa watoto wapatao 10,000 waliopelekwa Uingereza kabla ya vita. Leo huwasaidia wakimbizi walioko huko kupata kazi na hupeleka misaada nchi za nje. American Jewish World Service, iliyoanzishwa mwaka 1985, huelekeza ruzuku zake kwa vikundi vya wenyeji vinavyotetea haki za binadamu katika nchi maskini, hivyo kisima peke yake hakiiingii akilini kama kazi yake, ila haki ya wanawake juu ya ardhi huenda ikaiingia.

Kwa maji na umeme wa jua vijijini, jina la kulijua ni Innovation: Africa, shirika lililoanzishwa na Sivan Ya'ari mwaka 2008, ambalo limefanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika ikiwamo Tanzania. Kwa watoto wenye matatizo ya moyo kuna Save a Child's Heart, lililoanza mwaka 1995 katika Hospitali ya Wolfson, mjini Holon, Israeli. Hapa nina ombi: mzazi asiandike barua yake mwenyewe kwenda huko. Njia ni rufaa ya daktari, kuanzia hospitali ya wilaya hadi hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Shirika hilo pia lilimfunza daktari Mtanzania, Godwin Godfrey, upasuaji wa moyo wa watoto, naye akarudi nyumbani kuwatibu watoto wetu. Huo ndio mfano safi kabisa ninaoujua wa ngazi ya nane, ile ya juu kuliko zote.

Asiyejua aanzie wapi aitazame orodha ya wanachama wa OLAM, mtandao unaoyaunganisha mashirika ya Kiyahudi na ya Israeli yanayofanya kazi za maendeleo duniani. Soma tovuti ya kila shirika mpaka ujue mambo matatu: nchi linazofanyia kazi, aina ya kazi, na kama linapokea maombi yasiyoitishwa. Mengi hayapokei. Likisema halipokei, heshimu neno hilo, kisha utafute shirika la Kitanzania ambalo tayari linashirikiana nalo, uzungumze na hilo.

Kuhusu mkimbizi aliye jirani yako hapa mkoani, njia haipiti ng'ambo kabisa. Mambo yake yako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na mwenye mamlaka ni idara ya wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kumpeleka huko ukiwa mwenyeji anayemfahamu ni msaada mkubwa kuliko barua kumi.

Neno moja zaidi kabla ya karatasi. Katika vijiji vyetu Wakristo na Waislamu wanaishi pamoja, na wanachama wanaweza kuwa na maoni tofauti juu ya Israeli na Palestina. Shirika la hisani la Kiyahudi lililoko New York au London si serikali ya Israeli, lakini usilifiche jina la mfadhili wala dini yake. Lilete mkutanoni wazi, watu waseme, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Vilevile usiandike barua ya kuwasifu kwamba ni taifa teule, wala usidai kwamba ukoo wenu ni kabila lililopotea la Israeli. Nimeona barua za namna hiyo. Haziwapi wasomaji sababu yoyote ya kuwaamini walioziandika.

Karatasi za nyumbani

Kikundi kidogo kinachosajiliwa na halmashauri kinaweza kufungua akaunti na kukopa katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini mfadhili wa nje mara nyingi atataka shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Usajili huo unasimamiwa na wizara ya maendeleo ya jamii, ambayo kwetu ni safari ya basi moja. Kanuni za 2018 zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe, na mikataba ya wafadhili ifikishwe kwa Msajili na Hazina. Kama hamna usajili huo, tafuteni shirika lenye usajili liwabebe, na muandikiane makubaliano.

Mradi wa maji lazima upitie RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Wao ndio wenye takwimu za visima vya wilaya, ndio watakaoeleza kama maji ya eneo lenu yana chumvi, na ndio watakaokisimamia chombo cha watumia maji. Kibali cha kuchimba hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Ombi lisilo na barua ya RUWASA linaonekana, na ni haki lionekane, kama la watu wasiozungumza na serikali yao.

Hapo sasa nirudi kwenye swali la fundi. Mkutano mkuu wa kijiji ulipojadili jambo hilo, wanaume walizungumza saa nzima juu ya nani wa kuombwa tena pampu ikifa. Bibi mmoja, aliyekuwa amekaa chini ya mbuyu akichambua mlenda, aliuliza bila kunyanyua kichwa: maji ya korongoni tunanunua kwa mwenye punda kila siku, je, hela hiyo ikiwekwa sandukuni badala ya kwa mwenye punda haiwezi kumlipa fundi? Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumekubaliana shilingi 50 kwa ndoo, na mwenye punda akapewa kazi ya kutunza kituo cha kutekea maji pale korongoni.

Walimu wa Kiyahudi wa kale waliagiza kwamba fedha za maskini zikusanywe na watu wasiopungua wawili na zigawanywe na watu watatu, kwa kuwa kugawa ni kama kuhukumu. Tuliichukua kanuni hiyo nzima. Wawili hukaa kituoni na sanduku, watatu hutia saini benki. Daftari letu ni lile la kawaida la mistari, lenye safu nne zilizochorwa kwa rula: tarehe, ndoo, fedha, na saini mbili mbili kila jioni, nyingine zikiwa alama ya dole gumba. Tulipiga picha kurasa zake za miezi sita tukaziambatisha kwenye barua ya pili, na hizo ndizo zilizoulizwa maswali kuliko kiambatisho kingine chochote.

Barua yenyewe

Iandikeni kwanza kwa Kiswahili, isomwe mkutanoni, kisha itafutiwe mtu wa kuitafsiri. Barua inayoanza kwa Kiingereza huishia kuwa ya mwandishi peke yake. Isizidi kurasa tatu. Aya ya kwanza iseme ninyi ni nani, mko wapi, mnaomba nini na kwa kiasi gani, kwa shilingi na kwa dola. Inayofuata ieleze shida kwa vipimo: kaya ngapi, umbali wa kilomita ngapi, miezi gani korongo hukauka. Msomaji wa mbali hajui kwamba Dodoma mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu, na kwamba mara nyingi haizidi milimita 600 kwa mwaka, mwambieni.

Kisha elezeni mlichokwisha kutoa wenyewe. Mkumbuke kanuni ya maskini wa mji wako: mtoaji aliyefundishwa hivyo atauliza, hata kama haandiki, mji wenu umefanya nini kwanza. Mawe, mchanga, kokoto, siku za kuchimba mtaro, kiwanja kilichotolewa na serikali ya kijiji pamoja na muhtasari wenye mhuri wa mtendaji, vyote vihesabiwe kwa thamani ya fedha. Kwenye bajeti ambatisheni bei za maandishi za wauzaji watatu, wala msiongeze kitu kwa kudhani kwamba mtapunguziwa. Aya ya mwisho ijibu swali la mwaka wa tatu.

Kama mnaomba mtaji na si kisima, fikirieni mfuko wa mikopo isiyo na riba. Torati inakataza kumtoza riba maskini, na jumuiya za Kiyahudi zimekuwa na vyama vya mikopo ya namna hiyo kwa muda mrefu. Cha New York kilianza mwaka 1892. Wanachama wa VICOBA wanaijua kazi ya mzunguko wa fedha tayari, kwa hiyo kinachobadilika ni riba tu, na ombi la fedha zitakazorudi na kumfikia mkopaji mwingine linaeleweka haraka upande wa pili.

Picha zichaguliwe kwa uangalifu. Tumeni picha ya korongo, ya kamati, ya ramani iliyochorwa na wanakijiji. Msitume picha ya mtoto aliye uchi au mgonjwa kitandani, na msitaje kwa jina kaya maskini, wapeni namba. Ngazi za kutoa kwa siri ziliwekwa ili kumlinda maskini na aibu, na si haki sisi wenyewe tuwe wa kwanza kumwaibisha.

Wakati nao una kazi yake. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi Jumamosi usiku ni Sabato, na wengi hawafungui barua. Septemba na Oktoba zina sikukuu zinazofuatana, na Pasaka yao huangukia Machi au Aprili. Mimi hutuma Mei au Juni, mavuno yakiwa yameingia ghalani na kijiji kikiwa na hesabu kamili ya chakula.

Akitokea mtu anayejiita wakala wa Wayahudi akidai ada ili awafikishe kwa wafadhili, msimpe kitu. Alikuja kwetu mmoja mwenye kitambulisho cha shingoni, akachukua shilingi 30,000 kwa kila kikundi katika vijiji vitatu, wala hakuonekana tena. Mawasiliano yote yatoke kwenye anwani iliyo katika tovuti ya shirika lenyewe.

Fedha zikifika

Siku hiyo hiyo thibitisheni kwa maandishi kiasi kilichoingia baada ya makato ya benki, maana tofauti ya makato ikikaa kimya mwezi mmoja huzaa shaka. Stakabadhi zote zipigwe picha kabla wino haujafifia. Zile za mashine za duka hufutika kwa joto letu ndani ya miezi michache. Taarifa ya robo mwaka iwe fupi na iseme kilichoharibika sawa na kilichofanikiwa. Tanki letu lilipopata ufa katika mwezi wa nne tuliandika kabla hatujaulizwa, tukaeleza gharama, tukaeleza kwamba sanduku la ndoo limelipa theluthi mbili, na tukaomba ushauri wa kitaalamu badala ya fedha. Ushauri ulikuja kwa simu, pamoja na mchoro wa kuimarisha msingi, na fundi wa kijiji akaufuata.

Nakala za taarifa hiyo ziende pia RUWASA, kwa Msajili, na kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, mahali ambapo yule bibi wa mlenda anaweza kumwita mjukuu wake amsomee.